Upepo wa Kiasi Gani

Mtu atokaye Pwani akafika Songea wakati wa kipupwe hupokewa kwanza na baridi, kisha na wekundu wa udongo, na baada ya hapo na milima ya Matogoro, ambako mto Ruvuma huanza safari yake ndefu ya kuitafuta Bahari ya Hindi. Mji umekaa juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa Julai moshi wa kuni hulala juu ya mapaa ya mabati kana kwamba nao unaona uvivu kuamka.

Ni asubuhi za namna hiyo ambapo wenye baiskeli huzikuta zimelegea. Jana jioni ziliachwa zimejaa, usiku hakuna aliyezigusa, na kunapopambazuka tairi la nyuma limepwaya. Wengi hudhani ni pancha, wakazikokota hadi kwa fundi wakidai gundi na kiraka. Yuko fundi mmoja wa mtaa wa Bombambili, akaaye chini ya mjohoro, ambaye huwarudisha kwa maneno machache: “Hiyo si pancha, mwanangu. Hiyo ni baridi.”

Wala hakosei. Hewa hunywea kwa baridi. Tairi lililojazwa Dar es Salaam mchana wa nyuzi 30 hadi likafika paundi 50 kwa kila inchi ya mraba, likapakiwa juu ya basi na kuamkia Songea kwenye nyuzi 12, hupungukiwa na paundi zipatazo 4 bila kutoboka popote. Kwa upande wa pili, kupanda nyanda za juu huliongezea kidogo, kwa kuwa hewa ya nje huku ni nyepesi kuliko ya Pwani. Tairi huwa kana kwamba limetiwa paundi 2 za bure. Hesabu ikifungwa, baridi ndiyo ishindayo. Fundi hakuifanya hesabu hiyo hata siku moja. Aliijua kwa kidole gumba.

Yeye mwenyewe ni mtu wa Lindi. Alipanda kuja Songea katika miaka ya 1970, kijana mwenye spana tatu na pampu ya mkono, na ingawa ameoa huku, amezaa huku na amezika huku, lafudhi yake haijapanda mlima. Alipoanza kazi, Songea ilikuwa mji wa baiskeli: Phoenix za Shanghai, Hero na Avon za India, na Raleigh chache za Uingereza zilizorithiwa na watoto kutoka kwa baba zao. Zilibeba mahindi, tumbaku, mkaa, vitanda, majeneza na maharusi. Pikipiki za bodaboda zilipoenea, nyingi ziliegemezwa ukutani. Lakini mafuta yakipanda bei, au mahindi yakikosa soko, huonekana tena barabarani, zimepanguswa vumbi, zikielekea chini ya mjohoro.

Msomaji aliyezoea magari yamkini atauliza: kidole cha nini, na vipimo vya upepo vipo? Jibu limo ndani ya valvu. Baiskeli hizi kubwa za kazi hutumia valvu ya zamani, ile yenye kimpira chembamba mfano wa utumbo wa kifaranga, kinachovishwa juu ya kijitundu. Pampu ikisukuma kwa nguvu kuliko upepo wa ndani, kimpira hutanuka na kuruhusu. Pampu ikitulia, kimpira hushikamana na kuziba. Ni valvu ya kuingilia tu. Kipimo kikiwekwa mdomoni pake hakioni kilichomo ndani, ila kinaona nguvu ya pampu yenyewe, nayo ni nambari isiyo na faida kwa mtu yeyote. Kwa hiyo tairi la Phoenix hutunza siri yake, na anayetaka kuijua sharti alibinye.

Tena kubinya peke yake hakutoshi, maana swali si tairi lina upepo kiasi gani, bali linahitaji kiasi gani. Ubavuni mna nambari iliyochapwa, na vijana waliosoma huisoma kwa sauti kana kwamba ni amri ya serikali. Nambari hiyo aghalabu ni mpaka wa juu, ambao mtengenezaji hataki uvukwe. Haimjui aliyepanda, wala alichopakia, wala anakopita. Tairi hubeba kwa njia nyepesi ya kushangaza: hujibana chini ya mzigo mpaka sehemu inayogusa ardhi iwe pana kiasi cha kutosha kwa upepo uliomo. Mtu wa kilo 65 juu ya baiskeli ya kilo 20 huliwekea tairi la nyuma kilo kama 50 hivi. Likiwa na paundi 50 za upepo, hukanyaga ardhi kwa eneo lisilofika uso wa kisanduku cha kiberiti. Mwongeze gunia la kilo 100 juu ya keria, na tairi lile lile, kwa upepo ule ule, litahitaji eneo la visanduku viwili na ushei. Yaani litabonyea, litatoa tumbo, na likikutana na jiwe kali rimu itashuka mpaka chini na kuibana tyubu kwenye jiwe. Hapo hutokea matundu mawili yaliyokaa sambamba kama jeraha la meno ya nyoka, na fundi akiyaona hana haja ya kuuliza kilichotokea.

Kwa hiyo mzigo mzito hutaka upepo mwingi. Hilo kila mpakiaji wa mahindi analijua. Wasilolijua wengi ni upande wa pili, kwamba tairi gumu halimezi kitu. Kila kokoto linalopitiwa hupeleka habari zake zote juu: kwanza kwenye spoku, kisha keria, kisha mzigo, kisha uti wa mgongo wa mpanda baiskeli. Kwenye barabara mbovu tairi lililokazwa mno halikimbii zaidi, kwa sababu nguvu ambayo ingekwenda mbele huishia kurukaruka. Na kwenye mchanga wa kiangazi huzama kama kisu. Mmarekani mmoja, Frank Berto, aliyetumia miaka mingi kuyapima matairi ya baiskeli, alipendekeza kwamba tairi lililopakiwa libonyee kwa asilimia 15 ya kimo chake. Kwa tairi la Phoenix huo ni unene usiofika wa penseli. Fundi wa Bombambili hajapata kulisikia jina hilo, lakini kila alipomaliza kujaza alikuwa akimwambia mteja apande, kisha yeye huinama na kulitazama tumbo la tairi linavyokaa chini. Akiridhika husema, “Limekaa.” Asiporidhika hasemi kitu, huchukua tena pampu.

Kuna jambo lililomfanya awe anauliza maswali mengi kuliko mafundi wenzake.

Katikati ya miaka ya 1990 alikuja kwake mtu mmoja alfajiri, baiskeli mkononi. Barabara ya kwenda Namtumbo wakati huo ilikuwa bado ya changarawe. Lami ilikuja katika miaka ya 2010. Kiangazi ilijikunja mikunjo midogo midogo iliyofuatana kama mbavu za ng’ombe aliyekonda, na mwenye baiskeli alichagua baina ya mbavu za katikati na mchanga wa pembeni.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba. Unakwenda kupakia?”

“Nakwenda kupakia.”

“Mzito?”

“Mzito, Fundi.”

Hapo mazungumzo yalikwisha, kwa maana yalimtosha kila mmoja. Fundi alijaza tairi la nyuma mpaka ukilipiga ukucha linalia. Akalipwa, na mtu yule akaenda zake.

Alirudi baada ya siku nne, spoku mbili zimekatika. Alikaa juu ya jiwe akingoja, akiizungusha kofia yake mikononi, na baada ya muda akasema, pasipo ghadhabu yoyote, “Fundi, uliijaza kama ya gunia.”

Mzigo alioufuata ulikuwa mkewe, aliyeshikwa na uchungu kabla ya siku zake, kijijini, mwendo wa saa kadhaa kutoka hospitali. Mtu mwenye adabu zake hawezi kumtajia fundi wa baiskeli, alfajiri, barabarani, habari za tumbo la mkewe. Alisema mzito, na Kiswahili chenyewe humwita mwanamke wa hali hiyo mja mzito. Neno lilikuwa la kweli kwa pande zote mbili, na likapotea katikati. Mama yule aliketi upande juu ya keria, khanga mbili zimekunjwa chini yake, na kila mbavu ya barabara ikampiga. Mara tatu aliomba ashushwe. Kilomita za mwisho alizitembea kwa miguu, mkono mmoja ameshika tandiko. Mtoto alizaliwa, akaishi. Fundi alipomuuliza kwa nini hakufungua valvu akapunguza upepo njiani, yule mtu alimtazama kwa mshangao. “Wewe ndiwe fundi,” alisema. “Nilidhani umejua.”

Mtu anaweza kumtetea fundi. Kwa uzani, mwanamke yule na mimba yake hakufika gunia la mahindi. Kwa hesabu ya mzigo peke yake upepo ulizidi, lakini hakuna tairi lililopasuka wala mtu aliyeanguka. Yeye hakutaka kutetewa. Tangu siku hiyo swali lake la kwanza likawa: “Unabeba chenye roho au kisicho na roho?” Vijana walicheka, wakalifanya utani wa mtaa. Hata hivyo walijibu. Aliyesema gunia alijaziwa kwa gunia. Aliyesema mtoto, au bibi, au mgonjwa, alijaziwa pungufu kuliko alivyotarajia, na akaambiwa aende pole, ashuke penye mawe asukume, kwa sababu tairi laini linabembeleza ila halivumilii pupa.

Hakujua kwamba swali lake linafanana na chanzo cha tairi lenyewe. Mtu wa kwanza kupata hataza ya tairi la upepo alikuwa Robert William Thomson wa Scotland, mwaka 1845, na uvumbuzi wake ukasahauliwa. Uliogunduliwa upya ni wa John Boyd Dunlop, tabibu wa mifugo mjini Belfast, ambaye mwaka 1887 alikuwa na mtoto wa kiume aliyetaabika na baiskeli yake ya magurudumu matatu juu ya mawe ya barabara. Dunlop hakuwa akifikiria biashara, wala magunia. Alifunga mrija wa mpira uliojazwa hewa kuzunguka gurudumu ili mwanawe asitikiswe, na mwaka uliofuata akapata hataza yake. (Kwamba raha ya mtoto huyo iliamsha njaa ya mpira duniani, na kwamba katika Kongo ya Leopold watoto wengine walilipa njaa hiyo kwa mikono yao, ni habari inayostahili kurasa zake yenyewe.) Lakini mzigo wa kwanza wa tairi la Dunlop ulikuwa mzigo wenye roho, na kipimo chake cha kwanza kilikuwa mtoto akisema sasa haumii.

Miaka michache iliyopita fundi alianza kukosea. Binti mmoja wa sekondari aliacha baiskeli yake juani, na tairi alilolijaza fundi asubuhi likapasuka saa saba mchana kwa kishindo kilichowatoa watu dukani. Juma hilo hilo mwuza maandazi alirudi kulalamika kwamba kila bonde linamwagia chai. Mtaani wakasema mzee amechoka. Naye alidhani hivyo, mpaka siku alipovua kiatu jioni akakuta msumari umepita soli na kumchoma unyayo, na hakuwa na habari. Waliompima walimwambia ana kisukari cha siku nyingi, na kwamba ganzi ilikuwa imekwisha kuingia miguuni na kuanza kupanda vidoleni. Aliambiwa ajihadhari na miguu. Hakuna aliyemwambia neno juu ya gumba, kwani ni nani angejua kwamba huyu mtu anapima kwa gumba?

Akajaribu njia nyingine. Alihesabu mipigo ya pampu, kama mshairi wa Pwani anavyohesabu mizani za mshororo, nane kwa nane, na mwanzoni ikamfurahisha, maana neno mizani lilikuwa la biashara kabla halijawa la ushairi. Lakini mizani za ushairi hazichakai. Pampu ina kipande cha ngozi ndani, na ngozi ikikauka mipigo 40 ya leo si mipigo 40 ya jana. Alijaribu sauti, akilipiga tairi kwa ukucha na kusikiliza. Ikafaa asubuhi na mapema, kabla bodaboda hazijajaza mtaa. Macho yalibaki mazima, na tumbo la tairi aliendelea kulisoma; ila macho hutaka mteja awe amekwisha kupanda na mzigo wake, na mzigo mara nyingi uko kijijini.

Ndipo alipomwita mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la sita, mtoto wa Songea damu damu, ambaye bahari ameiona kwenye picha.

“Binya hapa. Unasikiaje?”

“Gumu, babu.”

“Gumu kama nini?”

Kijana hakuwa na jibu. Na hapa ndipo kazi ilipoanza kwa kweli, kwa sababu gumba la mzee lilikuwa halijapata kusema; lilikuwa likijua tu. Miaka arobaini na zaidi ya ujuzi ilikuwa ndani ya nyama ya kidole, na nyama ile sasa imekufa ganzi, na njia pekee ya kuuokoa ujuzi ule ilikuwa kuupitisha kwenye maneno ambayo hayakuwapo. Mzee akajaribu kwa alichokijua. Akasema tairi la gunia liwe kama embe bolibo changa, ambalo ukilibinya linakucheka. La mtu mmoja asiye na mzigo liwe kama embe la keshokutwa. La mgonjwa liwe kama embe la kesho asubuhi. La leo hapana, la leo ni rimu kula jiwe.

Mtoto alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema hayajui hayo maembe ya Lindi yanavyoiva siku kwa siku. Yeye anajua maparachichi.

Mzee alichukizwa kidogo. Parachichi kwake lilikuwa tunda lisilo na msimamo, mafuta tu. Lakini aliyekuwa na gumba zima ni mtoto, na tafsiri siku zote huelekea kwa yule mwenye kidole. Wakanunua maparachichi sokoni, matano, yaliyopishana kuiva, wakayapanga juu ya ubao kando ya pampu. Mtoto alibinya tunda, akabinya tairi, akarudi kwenye tunda. Mzee aliwapandisha wapita njia aliowaamini, akainama, akatazama tumbo la tairi, akasema limekaa au halijakaa. Na mtoto akasema lilikuwa parachichi la ngapi. Walifanya hivyo kipupwe kizima. Yako mambo ambayo hayakupata neno hadi leo. Mzee husisitiza kwamba embe lina hali moja baina ya keshokutwa na kesho ambayo parachichi haliijui, na kwamba hali hiyo ndiyo ifaayo zaidi kwa mtu anayembeba mtoto mgongoni kwenye barabara ya lami yenye viraka. Mtoto husema parachichi nalo lina hali zake. Yamkini wote wawili wanasema kweli.

Julai iliyopita, asubuhi, alikuja kijana mmoja na Hero ya marehemu baba yake. Mamake alikuwa ameketi juu ya benchi la duka la jirani, kajifunika kitenge mpaka kidevuni, mguu mmoja umefungwa bandeji. Alikuwa ametoka kuuguzwa na alitaka kurudishwa nyumbani, na pikipiki alizikataa katakata. Kijana aliomba upepo, ujazwe kabisa, kwani njia ni ndefu na mama ni mtu wa mwili.

Mzee alikuwa na tyubu ya mtu mwingine ndani ya beseni la maji, akitafuta tundu. Hakuinua uso.

“Unabeba chenye roho au kisicho na roho?” aliuliza mtoto.

Kijana alitazama kulia na kushoto, asijue kama anataniwa. Akamwonyesha mama kwa kidevu.

Mtoto alijaza, akabinya, akabinya parachichi la tatu, akalegeza valvu kidogo. Upepo ukatoka kwa sauti nyembamba. Akabinya tena. Akalegeza tena. Kisha akawaambia wampandishe mama. Wakakunja kitenge kingine, wakakiweka juu ya keria, naye akaketi upande, polepole, akishika shati la mwanawe. Mzee aliacha beseni, akaja akainama mpaka shavu likakaribia vumbi, akatazama.

“Ongeza mpigo mmoja,” alisema.

“Babu, limekaa.”

“Limekaa kwa hapa. Mbele kuna mawe ya daraja. Mmoja tu.”

Mtoto akaongeza mmoja. Mzee akamgeukia kijana, akamwambia asukume mpaka avuke daraja, asipande kabla.